Babu, Ella na ile jazz ya Morogoro

Wadau, leo naomba niungame dhambi moja ya zamani.

Mwaka 2017, nikiwa bado nanukia chuo, niliandika makala kwenye gazeti moja kuhusu waimbaji kumi bora wa jazz duniani. Wote kumi Wamarekani: Billie Holiday, Ella Fitzgerald, Louis Armstrong, Sarah Vaughan, Nat King Cole na wenzao. Ukweli ni kwamba nusu yao nilikuwa nimewasikiliza kwa wiki moja tu, mbio mbio, kwa bando la usiku. Lakini makala ilitoka, jina langu juu, picha ya Ella katikati. Nikanunua nakala tatu! Moja nikampa kondakta wa basi la Iringa aishushe Mikumi kwa babu.

Siku mbili baadaye simu ikaita.

"Bi mdogo," (mnajua tena utani wa babu na mjukuu wa kike) "nimesoma. Umeandika vizuri. Ila hiyo jazz yako ilipita barabara gani, mbona Morogoro hatukuiona?"

Nikacheka. Nikamwambia, babu, ile ya kwenu haikuwa jazz, ilikuwa dansi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Morogoro Jazz walikosea jina lao wenyewe.

Kitaalamu nilikuwa sahihi, na huo ndio ugonjwa wetu sisi tuliosoma. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz... kwa wazee wale jazz ilikuwa bendi ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta, watu wamevaa suti. Walichopiga kilikuwa rumba, cha-cha-cha na ngoma za nyumbani zilizovalishwa umeme. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, hapo hapo Morogoro, alinolewa na santuri za Kikuba. Sawa. Lakini makala yangu haikuuliza mtindo. Iliuliza ni sauti gani ikishaingia sikioni haitoki. Na kwa swali hilo babu alikuwa na haki ya kunikamata shati, kwa sababu na yeye alikuwa mwimbaji.

Mwishoni mwa miaka ya sitini aliimba kwenye bendi ndogo ya wafanyakazi wa mkonge kule Kimamba. Jumamosi za mshahara walipanda hadi Kilosa mjini, wanapiga mpaka alfajiri. Redio Tanzania Dar es Salaam hawakufika hata siku moja. Na hapo ndipo penye tofauti. Bendi zilizofika RTD zilipangwa mbele ya vipaza sauti vichache, zikapiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja, na leo tunazisikia kwenye vipindi vya zilipendwa. Ambazo hazikufika zimebaki midomoni mwa waliokuwepo. Ya babu ilikuwa na kaseti moja tu, aliyoirekodi shabiki ukumbini kwa redio kaseti yake. Kaseti hiyo ilikuwa kwenye sanduku, sanduku lilikuwa kwenye nyumba, na nyumba ilikuwa Kilosa wakati mto Mkondoa ulipofurika, mwishoni mwa 2009 kuingia Januari 2010. Mafuriko yale yaling'oa hadi reli, sembuse sanduku la babu. Ndiyo maana akahamia Mikumi kwa shangazi.

Basi siku ile kwenye simu alinipa darasa la bure. Mwimbaji, alisema, haimbi, anakuambia. Akanipa mfano wa Mbaraka Mwinshehe. Sikiliza Mbaraka anavyotamka: hakuna neno linalomezwa, hapigi kelele, ni kama jirani amekuja kukupa taarifa ya msiba na hataki kukushtua. Halafu akimaliza kusema, gitaa lake la solo linajibu kwa sauti ile ile. Niliposikia hivyo nikamkumbuka Armstrong. Sauti yake ilikwaruza kama msumeno, lakini aliimba kama alivyopuliza tarumbeta, na ukisikia noti mbili tu unajua ni yeye. Wote wawili walikuwa wapigaji kwanza. Koo lilijifunza kutoka kwenye chombo.

Kitu cha pili alichosema babu kilinichukua miaka kukielewa: "Usiwahi. Acha bendi itangulie, wewe njoo nyuma kidogo kama mwenye nyumba." Billie Holiday ndiyo alivyofanya! Sauti yake haikuwa kubwa, haikupanda juu wala kushuka chini sana, lakini alichelewa. Alilivuta neno nyuma ya mdundo mpaka unaingiwa na wasiwasi kwamba hatafika, kisha anafika. Alikufa 1959 akiwa na miaka 44 na bado watu wanamwiga na wanashindwa. Kwetu, msikilize Muhiddin Gurumo wa Nuta, baadaye Mlimani Park, baadaye Msondo, aliyefariki 2014. Sauti nzito, haina haraka. Mweke pembeni yake Hassan Bitchuka mwenye sauti nyembamba ya juu, utadhani wamegawana nyumba moja, huyu chini yule ghorofani. Hakuna kati yao ninayeweza kusema ana sauti "nzuri" kwa maana ya shindano la kusaka vipaji. Ella ndiye alikuwa nayo, tena kuliko wote. Lakini hata Ella, ule usiku wake maarufu wa Berlin mwaka 1960, watu wanaukumbuka kwa sababu alisahau maneno ya wimbo wa "Mack the Knife" katikati, akaendelea kutunga yake pale pale. Akapata Grammy kwa kusahau.

Nilimwahidi babu nitakuja Mikumi na kinasa sauti. Nikasema Pasaka. Pasaka ikawa Idi, Idi ikawa "nikimaliza uchaguzi", mnatujua waandishi wa habari. Mbaraka alikufa Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, ana miaka 34. Salum Abdallah gari lilimchukua mapema zaidi, Novemba 1965. Wote wawili walituachia santuri. Mimi babu yangu alikuwa hai, ana simu, saa sita tu kwa basi, na sikwenda. Mwaka 2022 akapigwa kiharusi. Upande wa kulia na ulimi.

Desemba 2024 ndipo nilipokwenda. Nilipanda treni ya SGR nikashuka Kilosa, nikataka kwanza kuona ile nyumba. Kuna mahindi. Jamaa mmoja mzee pale alinionyesha ukumbi waliokuwa wakipiga ulipokuwa. Akajaribu kuniimbia wimbo mmoja wa babu, akakumbuka kiitikio tu, cha babu hakukumbuka. Nikachukua gari kwenda Mikumi kupitia Ulaya (ndiyo, kipo kijiji kinaitwa Ulaya, nimefika bila viza).

Nilimkuta barazani, anaangalia malori ya Zambia. "Shikamoo babu." Akajibu kitu ambacho shangazi alinitafsiria: marahaba, umechelewa. Nikawasha kinasa sauti, nikaweka Mbaraka kwenye simu, "Shida". Mstari wa kwanza ulipita, yupo kimya. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kugonga goti, si pamoja na ngoma, nyuma yake kidogo. Mstari wa pili akaingia. Maneno hayakuwa ya Mbaraka, na sidhani yalikuwa maneno. Shangazi akaacha kuchambua mchele. Katikati hapo likapita lori likipiga honi, babu akalisubiri lipite, kisha akarudi pale pale alipoachia.

Dakika 4 na sekunde 11. Nimehifadhi sehemu tatu.