Desemba Katika Nchi ya Wakuria

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Genkuru, njoo nikuonyeshe njia. Toka Musoma, ushike barabara ya Sirari. Utavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha utafika Tarime. Hapo umekwisha ingia nchi ya Wakuria: vilima, migomba, mahindi, mihogo, na ng'ombe ambao kwetu ndio hazina ya mtu. Uliza njia ya Genkuru, nawe utaelekezwa.

Njoo mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, na walio kazini mbali wanarudi kwao. Katika mwaka ambao inchama, yaani baraza la wazee wa mila, imeruhusu tohara, nyimbo husikika tangu alfajiri. Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wakira, Wairege, kila ukoo una taratibu zake. Wavulana wanaotahiriwa pamoja huwa saro moja, na undugu wao hudumu mpaka uzeeni. Kijana akirudi, ndugu na jirani humlaki njiani kwa ngoma na vigelegele, wakimtunza fedha. Litungu lenye nyuzi nane hupigwa, ugali na nyama huliwa, na asiye na kitu naye hushiba.

Mambo haya ni mazuri, yafaa yadumu. Lakini wako ambao katika msimu huohuo wangali wakiwakeketa wasichana. Damu humwagika, vidonda huoza, na baadaye kuzaa huwa kwa taabu. Tena aliyekeketwa huhesabiwa kuwa mwanamke tayari; mara ng'ombe wa mahari waja, na masomo yamekwisha. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, wasichana huwakimbia watu wao, wakatafuta hifadhi katika kituo cha Masanga, wilayani Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti. Hebu fikiri: mtoto anaikimbia sikukuu ya kwao!

Wengine huuliza, “Tukiacha kisu, binti ataingiaje utu uzima bila shangwe?” Tutazame basi Meksiko, nchi ya Wakatoliki wengi. Kwao pia Desemba ni mwezi wa furaha. Tarehe 12 humheshimu Mama Maria wa Guadalupe, wakikumbuka alivyomtokea Juan Diego mwaka 1531. Toka tarehe 16 hadi 24 huenda nyumba kwa nyumba wakiimba na kuomba malazi, kama Yosefu na Maria. Na msichana akitimiza miaka 15 ana sikukuu yake mwenyewe. Huvaa gauni refu, huenda kanisani kwa Misa ya shukrani pamoja na wazazi na wasimamizi wake, kisha watu hula, na baba hucheza na binti yake mbele ya wote. Hakuna kisu, wala hakuna amwitaye tena mtoto mdogo.

Mwacha mila ni mtumwa, wasema wazee. Ni kweli. Basi tushike ngoma, litungu, zawadi na undugu wa rika, kisu tukiache. Desemba hii, binti yako akifunga shule, mchinjie mbuzi, waalike jirani, mpe kanga mpya. Na shule ikifunguliwa Januari, msindikize wewe mwenyewe mpaka mlangoni.