Staa Amerudi Kutoka Majeruhi? Tulia Kwanza

Kila msimu ni story ile ile. Staa amekaa nje miezi mitatu, kocha anasema jamaa ameanza mazoezi, alama nyekundu kwenye FPL inageuka njano, na ghafla kila msee kwenye grupu la WhatsApp anamnunua. Msimamo wangu ni mmoja: usimnunue wiki ile anarudi. Si uoga, ni hesabu.

Mchezaji akicheza chini ya dakika 60 unapata pointi 1. Akifika 60, pointi 2. Sasa, anayetoka majeruhi mara nyingi anaanzia benchi, anapewa dakika 20 hivi. Kama transfa za bure zimeisha, umekatwa pointi 4 kumleta. Tayari uko hasi 3. Hata kama ni kiungo na afunge, goli ni pointi 5, kwa hivyo umebaki na 2.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Akikosa mechi kabisa, mtu wako wa benchi anaingia. Lakini akigusa uwanja hata dakika moja, benchi inabaki pale pale. Kama ulimpa ukepteni, ndio basi: makamu hachukui chochote, wewe unazidisha 1 mara mbili. Ndiyo maana staa wa dakika kumi ananitisha kuliko staa ambaye hayuko.

Najua utaniambia De Bruyne. Aliumia Agosti 2023, akarudi Januari 2024, akaingia kama sabu kule Newcastle akafunga na kutoa asisti ya goli la ushindi. Utaniambia pia Saka, aliyerudi Aprili 2025 dhidi ya Fulham na kufunga dakika chache tu baada ya kuingia. Ni kweli, na hizo ndizo tunakumbuka. Hakuna mtu huposti klipu ya staa aliyeingia dakika ya 75, akapiga pasi nne, akaenda kuoga. Muulize aliyemwamini Reece James msimu wa 2023/24: aliumia paja mechi ya kwanza, akarudi, na Desemba akatoka tena kwa paja, safari hii hadi upasuaji.

Kwa hivyo mimi huuliza maswali matatu.

Kwanza, aliumia wapi? Msuli wa nyuma ya paja ndio hubeba kazi mtu akichapa mbio, na una tabia ya kuumia tena. Winga anayeishi kwa spidi nitamngoja zaidi kuliko beki wa kati.

Pili, dakika zake zinapanda? 20, halafu 45, halafu 65, hiyo ni ngazi. 20, 15, sifuri, hapo kuna kitu kocha hasemi. Angalia pia kama kuna mechi ya Ulaya katikati ya wiki, kwa sababu hapo dakika zitagawanywa.

Tatu, nani alichukua kazi yake? Kama penalti na kona zimepata mwenyewe mwingine, jina limerudi lakini pointi zake hazijarudi zote.

Sheria yangu: aanze mechi mbili, na zote apite dakika 60. Bei ikipanda 0.1 au 0.2, sawa, hiyo ni ada ya kujua. Na tangu msimu wa 2024/25 unaweza kuweka akiba ya transfa hadi 5, kwa hivyo ukingoja transfa yako haipotei. Mtu pekee ninayemruhusu kubahatisha ni yule ako nyuma sana na msimu unaisha. Wewe unayeongoza ligi, unakimbilia nini?

La mwisho, na hili linaniuma. Staa akirudi na acheze vibaya, kuna wasee wanaingia kwa peji yake kumtusi, eti amewapotezea mia tano ya ligi ya mtaa. Huyo jamaa amekaa miezi akijifunza kuamini mguu wake tena. Mguu ni wake, hakukuomba umnunue. Aliyebonyeza "thibitisha" ni wewe, bana.