Julai ya Kinangop

Wasee wa Nairobi, mnasema Julai ni baridi? Kujeni Kinangop. Saa kumi na moja asubuhi nyasi ni nyeupe, sakitu imekaa juu kama chumvi. Mathe anachemsha maji ya kuosha viwele, juu ukikamua na mikono baridi ng'ombe anazuia maziwa.

Lakini baridi tumezoea. Shida ni nepia. Sakitu ya usiku mmoja tu, majani yanageuka kahawia kama yamechomwa moto. Ng'ombe wetu 3 wameshuka kutoka lita 25 hadi 14, na karo ya sistangu inatoka hapo. Mimi chuo niliacha mwenyewe. Yeye asitolewe na nyasi, bana.

Nyasi kavu imebaki marobota 6. Mathe huyahesabu kila jioni.