Mzoa taka hana kosa

 

Nilijitengenezea kiukurasa cha JavaScript cha kunichotea habari mpya kila sekunde 5, ili nisihangaike na madirisha kumi. Nikajiona bingwa! Wiki iliyopita jioni, nimebakiza aya mbili nimkabidhi mhariri stori, kompyuta ikaganda. Sikuwa nimehifadhi kitu. Nikaiandika upya kwa kichwa, mhariri kasimama nyuma yangu, hasemi neno (bora angefoka).

Nikamlaumu mzoa taka. Ndiyo, programu nazo zina mzoa taka wake. Wazo hilo alilileta Mmarekani John McCarthy kwenye lugha ya Lisp, mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayeandika kwa C anaomba nafasi kwenye memori na kuirudisha mwenyewe mpaka leo. JavaScript, iliyozaliwa 1995, inakufanyia hayo kimyakimya.

Sasa anajuaje kipi ni taka? Hapo ndipo nilipokuwa gizani. Hajui unachokihitaji. Anaanza na vitu ambavyo programu inavishika moja kwa moja, kisha anafuata uzi: hiki kimeshika kile, kile kimeshika kingine. Anachokifikia anakitia alama, kilichobaki anakifagia. Internet Explorer 6 ya enzi zile, kwa vitu vya ukurasa, ilihesabu tu vimeshikwa na wangapi. Kitu cha ukurasa na kitu cha programu vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, hesabu haifiki sifuri, na memori haiachiwi hata ukihama ukurasa.

Mimi sikuwa na kisingizio hicho. Kila nilichochota, maandishi na picha, nilikitupia kwenye orodha, na sikuwahi kufuta hata kimoja. Mara 720 kwa saa, tangu asubuhi! Saa ya sekunde 5 imeishika orodha, orodha imeshika mzigo wote. Mzoa taka wa watu alikuwa anapita, anakuta kila kitu kina mwenyewe, anaondoka mikono mitupu.

Nimeongeza mstari mmoja tu: zikizidi 50, ya zamani itoke. Sasa ukurasa unashinda wazi kutwa nzima, kompyuta haitikisiki.

Mhariri bado ananijibu kwa mkato.