Babu Asihamishwe Malindi Kwanza

Kwetu Malindi mzee akianza kusahau watu husema "uzee huo", na mazungumzo yanaishia hapo. Babu yangu ana miaka 78. Siku hizi anaweza kuuliza mara tatu asubuhi moja kama boti ya Pemba imefika. Familia imekaa, na shauri lililopo ni kumhamishia Fuoni kwa shangazi, kwenye nyumba kubwa yenye ukuta na geti. Mimi naomba tusubiri, na naeleza kwa nini, maana najua wengi wetu tuna mzee wa namna hii nyumbani.

Kusahau ulipoweka miwani ni kawaida. Kupotea njia uliyoipita miaka 50, au kushindwa kuhesabu chenji, ni jambo jengine. Huenda ikawa demensia, nao ni ugonjwa wa ubongo, si umri tu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Basi wengi walikuwa wazee na akili zao timamu.

Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, ikakadiria kuwa yakishughulikiwa yote, kiasi cha asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Humo mna presha, sukari, sigara, kutofanya mazoezi, kutosoma skuli utotoni, kutoona vizuri, kutosikia na upweke. Skuli ya babu imeshapita. Mengine bado yako mikononi mwetu.

Chukua masikio. Barazani wenzake wanahadithiana, yeye anaitikia "eeh" kwa kukisia, kisha anachoka na kurudi ndani mapema. Ubongo unaohangaika kukisia maneno unabaki na nguvu kidogo ya kuyahifadhi. Halafu asiyesikia hujitenga, na huo ndio upweke. Tena mengine tunayoyaita kusahau si kusahau: utakumbuka vipi jambo ambalo hukulisikia? Mara nyengine shida ni nta tu, inasafishwa kwa dakika chache.

Sasa fikiria Fuoni. Shangazi anakwenda kazini, babu anabaki na televisheni. Malindi anatembea kwenda mskitini, anapita soko la samaki, anasalimiana na watu 20 kabla ya adhuhuri. Hayo ni mazoezi na mazungumzo ambayo hakuna aliyemwandikia. Nyumba tunaweza kumtafutia nyengine. Baraza yake hatuwezi kuibeba.

Mama anasema: "Na akipotea bandarini je?" Ana haki ya kuuliza, kwa sababu yeye ndiye anayeamka usiku. Kumbakisha babu Malindi huku mzigo wote ukiwa wa mama si huruma. Ndiyo maana nimependekeza zamu: mimi nikishuka daladala kutoka Tunguu jioni ni zangu, kaka achukue usiku wa Ijumaa na Jumamosi, majirani na muuza kahawa waambiwe wazi. Kwanza apimwe masikio, macho, presha na sukari. Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuhama.

Na Serikali nayo ina njia. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila Mzanzibari mwenye miaka 70 na zaidi, kwa hiyo orodha ya wazee tayari ipo. Kwa nini wasipimwe masikio na presha kupitia orodha hiyo hiyo?

Asilimia 45 si 100. Huenda tukafanya yote na babu akazidi kusahau. Lakini nataka, akifika huko, tuwe tumeshamjaribia yale yanayowezekana. Wewe unayesoma, ukirudi nyumbani wiki hii, muulize bibi au babu mara ya mwisho alipimwa presha lini. Uliza kwa sauti ya kutosha, na usubiri ajibu.