Maji Hayapakwi Rangi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kauli hii ni kweli tupu, lakini ina mpaka wake. Upo ufa ambao kuuziba ni kujihadaa, maadamu kinachoupasua ukuta kimejificha nyuma yake. Hayo ndiyo yaliyomfika mwalimu mmoja mstaafu, mjane, katika miteremko ya Murang'a.

Nyumba yake imeegemea mlima. Chini ya sebule, marehemu mumewe alichimba ghala lililozama ardhini kiasi cha mita mbili, na humo ndimo yalimohifadhiwa mahindi ya mwaka mzima. Kila masika, ukuta wa upande wa mlimani ulitoa jasho, kisha maji yakatanda sakafuni. Wanawe walio mjini walituma fedha za kununulia rangi isiyopitisha maji. Rangi ilipakwa mara mbili, na mara mbili ikabambuka mithili ya gamba la nyoka.

Katika masika ya mwaka 2024, yale yaliyoleta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, magunia matatu yalishika ukungu. Jirani alishauri mahindi yaanikwe, kisha yasagwe. Mwalimu alikataa katakata. Hakuwa amesahau mwaka 2004, pale mahindi yaliyoingia unyevu yalipozaa sumukuvu, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki. Fauka ya hayo, alijua kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Hata kuku hakuwapa. Magunia yote matatu yaliteketezwa.

Ndipo alipoitwa mzee mmoja, fundi wa kuchimba visima. Mzee hakushughulika na ukuta. Alizunguka nyuma ya nyumba, akautazama mlima, kisha paa lisilokuwa na gata.

"Mwalimu," akasema, "ukuta huu hauna ugonjwa. Umebebeshwa mzigo."

"Mzigo gani, fundi?"

"Maji. Yape njia nyingine, nayo yatakuachia nyumba yako."

Maneno hayo yana mashiko ya kisayansi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Hivyo basi, udongo ukijaa maji hadi juu, maji pekee huusukuma ukuta, kwenye kina cha mita mbili, kwa nguvu ya takriban tani mbili kwa kila mita ya mraba. Rangi iliyopakwa ndani husukumwa kutoka mgongoni. Haina budi kubambuka.

Gharama ilishinda ya rangi mara nyingi. Wanawe walipinga, lakini mwalimu aliuza mtamba wake wa pekee, na kazi ikaanza. Kwanza, gata zilifungwa ili maji ya paa yapelekwe mbali. Pili, ardhi iliyo kando ya ukuta iliinamishwa kuelekea nje, sentimita 15 katika mita tatu za kwanza. Hatimaye handaki lilichimbwa kipande baada ya kipande, ukuta usije ukakosa egemeo, hadi usawa wa msingi bila kupita chini yake. Humo kilitandikwa kitambaa cha kuchuja udongo, kisha kokoto, na bomba lenye matundu yaliyoelekezwa chini ili maji yanapopanda yalikute mapema. Bomba liliinama sentimita moja kwa kila mita, hadi mdomo wake ukatokea bondeni.

Wapenzi wa lugha wana funzo lao hapa. Mtaro wa namna hii una jina la Kiingereza ambalo mfasiri mwenye pupa angeliita "mfereji wa Kifaransa". Kumbe French ni jina la mtu: Henry Flagg French, mwanasheria na mkulima wa Marekani, aliyeieleza mitaro hiyo katika kitabu chake Farm Drainage cha mwaka 1859. Tafsiri sisisi ni rangi juu ya ukuta uliolowa. Fundi mzee, asiyejua habari za French, aliuita "mtaro wa kokoto", na kila mchimbaji akamwelewa.

Masika yaliyofuata, maji yalitiririka bondeni usiku kucha. Mwalimu alishuka ghalani na taa, akaupapasa ukuta kutoka pembe hadi pembe. Ulikuwa baridi, lakini mkavu. Hata hivyo, mahindi aliyapanga juu ya chaga, mbali na ukuta, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.