Uhai Chini ya Udongo

Msomaji wangu, udongo ulionyamaza haukosi uhai. Nilipokwenda Uingereza kuongeza elimu ya ualimu, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mzee mwenye bustani ndogo. Mwezi wa Januari bustani ile ilikuwa tupu na nyeusi. Nikaona vema nimsaidie. Nikatwaa sepeto, nikaanza kuupindua udongo. Mara bibi akatoka mbio bila ya koti, akanishika mkono. Miguuni pangu palikuwa na vitunguu vya maua vilivyopasuka, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na chipukizi jeupe.

Kitunguu cha ua ni ghala. Majani hukijaza chakula kabla hayajanyauka, nacho hulala kikingoja majira yake. Wala baridi si adui yake: tulipu isipopata majuma 12 hivi ya baridi, aghalabu haichanui vizuri.

Mwezi wa Februari maua madogo meupe, ambayo wataalamu huyaita Galanthus, yalitokeza katika theluji, yameinamisha vichwa. Pale nilipolima hapakuota kitu.

Hapo nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa nyumbani, mkimya, ambaye nilimwandikia katika ripoti yake, "Hana tumaini." Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sepeto ile, msomaji wangu, nilikuwa nimekwisha kuishika kabla sijafika Uingereza. Basi usiharakishe kumhukumu mwenzako aliyenyamaza, wala nafsi yako.